Una leseni E mpya (ile ya magari makubwa) na uko Nyanda za Juu Kusini: uanze na lokali au uende transiti moja kwa moja?

Mwana wa Uyole (mtoa uzi)

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Hili swali vijana wananiuliza karibu kila nikisimama mizani ya Uyole au nikipaki Mafinga, "kaka nimetoka chuo, leseni E ninayo, nitafute gari za hapahapa au niende za Zambia na Congo?", na majibu wanayopewa kijiweni ni ya kishabiki tu, huyu atamwambia nenda nje kuna hela, yule atamwambia ukienda nje ndoa imekufa. Hakuna anayemuuliza dogo kama ameshawahi kushuka mlima na mzigo. Nimeona niandike kwa kirefu manake hii kazi naipenda na inaniuma kuona vijana wetu wanaisha barabarani kwa vitu ambavyo vinafundishika.

Msimamo wangu nauweka mapema. Anza na lokali, ila iwe lokali ya semi, kichwa na trela, na gari iwe ya mtu anayejali breki, na wiki za mwanzo ukae na dereva mkubwa pembeni. Ukikosa hivyo, hata utingo wa transiti chini ya dereva anayejielewa ni bora kuliko kupewa usukani wa Fuso bovu siku ya kwanza.

Tuanze na hela kwasababu ndo inayovuta watu. Gari za nje mshahara wa kwenye mkataba mara nyingi ni mdogo, kinachoonekana kikubwa ni mileji, ile posho ya safari. Sasa mileji unalipwa kwa safari, hulipwi kwa siku. Ukikaa foleni Tunduma siku kadhaa, ukakaa Kasumbalesa (mpakani mwa Zambia na Congo) tena, ukafika Lubumbashi au Kolwezi ukasubiri kushusha, ukasubiri kopa (shaba) ya kurudi nayo, hela ni ileile na wewe unakula, unaoga kwa kulipia, unalipia ulinzi wa paking. Dogo anapigiwa hesabu ya safari moja akiizidisha kwa mwezi anaona utajiri, kumbe mwezi mwingine inaisha safari moja tu tena kwa shida. Na kingine, wengi NSSF wanakatiwa kwenye mshahara ulioandikwa tu, mileji haiguswi, kwahiyo ukizeeka unakuta akiba ni ya mtu wa mshahara mdogo wakati umeendesha mabara.

Lokali nayo isisifiwe bure. Huku kwetu mizigo ipo mwaka mzima: mbao na nguzo za umeme Mafinga na Makambako, saruji kutoka kiwandani Songwe, chai ya Mufindi na Tukuyu, mchele wa Mbarali na Kyela, mahindi ya Mbozi, viazi vya Uporoto na Makete, parachichi za Rungwe na Njombe. Unalala nyumbani mara nyingi. Ila mwenye gari wa lokali mara nyingi anataka hesabu, yaani hela uliyopangiwa kumpelekea, hana mkataba, hana WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), na akikuambia pakia unapakia. Chukua viazi. Unahesabu magunia, ila ni lumbesa, gunia limevimba na kushonewa kilemba juu, sheria ya vipimo inasema mwisho kilo 100 na lile limepita mbali, kwahiyo wewe dereva hujui umebeba tani ngapi mpaka ufike mizani. Gari yoyote inayozidi kilo 3,500 lazima ipite mizani, na tangu tarehe 1 Machi 2019 tunatumia sheria ya uzito ya Afrika Mashariki, ile ya 2016, mwisho tani 56 kwa gari nzima yenye ekseli 7, na kila ekseli na kiwango chake. Unaweza kuwa chini ya uzito wa jumla ukakamatwa kwa ekseli moja kwasababu wapakiaji wamerundika nyuma. Anayelala mizani ni wewe, mwenye viazi anapiga simu tu "umefika wapi".

Sasa nije kwenye kitu kilichonifanya niandike huu uzi, MILIMA.

Vijana wote wanaogopa Kitonga, ule mlima wa Iringa. Ni sawa, iogopeni. Ila fikirini kidogo, gari inayotoka Dar na mzigo wa Zambia inaipanda Kitonga, haiishuki. Ikishapita Iringa, Makambako, Chimala, ikaingia Uyole dereva anajiona ameshamaliza, hapo mbele ndo kuna mteremko wa Iwambi kuangukia Mbalizi, na pale chini ni mji, kuna daladala, bodaboda, watoto wa shule, mama zetu na ndizi pembeni ya lami. Kitonga inakuja kukusubiri wakati wa kurudi ukiwa na kopa, na kopa mzigo wake ni mdogo kwa kuangalia ila uzito umekamilika. Kwahiyo mtu wa transiti mgeni anakutana na mteremko mkubwa akiwa na mzigo kamili, usiku, amechoka, barabara haijui. Mtu wa lokali wa hapa anaupita uleule mara kwa mara, mchana, anajua wapi panakunja na wapi pana bampsi.

Breki ya upepo ni lainingi (kile kipande cha kusugua) inabana dramu. Ukianza kushuka na gia kubwa afu unakanyaga mfululizo, dramu inapata moto, inatanuka, lainingi inaanza kunuka, moshi unatoka kwenye matairi ya trela unauona kwenye kioo, ukikanyaga pedo inaenda mpaka chini na gari haishiki. Watu watasema breki zimefeli. Breki zimechomwa. Na ukishafika hapo hakuna dereva bingwa, wewe na mkongwe wa miaka 30 mko sawa.

Dawa yake inaanzia juu kabla hujashuka. Simama pale kwenye nafasi, acha upepo ujae, angalia geji, zunguka usikilize kama kuna paipu inavuja, gonga matairi, gusa haba (kile kitovu cha tairi) kwa tahadhari uone ipi ina moto kuliko wenzake manake hiyo ndo inayofanya kazi ya wengine. Gia ya kushukia ni ile ambayo ungeipandia mlima huohuo, na uiingize ukiwa juu, usije ukaitafuta katikati ya mteremko, ukiikosa ikabaki huru umekwisha. Injini breki iwake muda wote. Pedo unakanyaga kwa nguvu, spidi inashuka, unaachia kabisa dramu zipumue, afu unarudia. Kuweka mguu juu ya pedo kidogokidogo kuanzia juu mpaka chini ndo kuchoma kwenyewe.

Afu kuna ile tabia ya kuachia gari huru kwenye mteremko ili ibane mafuta. Hii nawaambia kwa uchungu. Mafuta ya safari yanapimwa, kinachobaki dereva anauza njiani, kwahiyo kila mteremko mtu anaona ni hela. Utingo mdogo anakaa pale anaona mkubwa wake anafanya na wanafika salama, anajua ndo ufundi. Dogo, ukipanda na dereva wa namna hiyo, omba kubadilishiwa gari.

Ndo maana nasema lokali ya semi. Fuso itakufundisha mlima na tope, haitakufundisha rivasi ya trela. Trela inaenda kinyume na unavyokunja, na hakuna maelezo yatakayokuingia mpaka mikono ikubali. Ukibeba nguzo kutoka Mafinga au saruji kutoka Songwe kwenda Njombe au Sumbawanga, kila siku unaingia stoo, unatoka stoo, unapiga rivasi kwenye kiwanja cha mtu chenye mti wa parachichi na ukuta. Mtu wa transiti anaweza kukaa wiki nzima anaenda mbele tu. Miezi ya mwanzo mikono inataka kurudiarudia, na lokali ndo inarudia.

Naomba mchango wenu, hasa mlioanzia nje moja kwa moja.

Tingo Mstaafu

Mkuu uzi mzuri ila mimi nimeanzia nje na siwezi kuisema vibaya. Nilikaa utingo na mzee mmoja wa Mbalizi, Mungu amlaze pema, yule alikuwa ananishusha kila tunaposimama niseme nimeona nini kwenye gari, kama sijaona kitu tunaondoka kimya mpaka kituo kinachofuata. Kufunga turubai, kukaza mikanda, kukagua sili, karatasi za forodha, vyote nilijifunzia huko. Lokali hakuna makaratasi, ukija kwenda nje ukubwani unaonekana mshamba hata kama gari unaijua.

Na watu wajue Congo wanaendesha kulia. Ukivuka Kasumbalesa unahamia upande mwingine wa barabara na usukani wako bado uko kulia, yaani umekaa upande wa majani, ukitaka kuovateki huoni kitu, utingo ndo macho yako. Hapo utingo mvivu ni hatari kuliko tairi bovu. Zambia hakuna shida, kushoto kama kwetu, saa tu wako nyuma kwa moja, usije ukabishana na mtu wa geti.

Mwana wa Uyole (mtoa uzi)

Tingo Mstaafu hapo tunakubaliana kabisa mkuu, nimesema juu kwamba utingo chini ya mtu anayejielewa ni shule. Shida yangu ni anayetoka chuo na cheti anapewa kichwa kipya na trela, peke yake, Dar mpaka Kolwezi, kwasababu kampuni ina magari mengi kuliko madereva. Huyo mzee wako wa Mbalizi wangapi wanampata? Sasa hivi gari nyingi hata utingo hazina, wanasema ni kubana matumizi.

Ya kulia naongezea, kutoka Nakonde (upande wa Zambia ukivuka Tunduma) mpaka Kasumbalesa ni kama kilomita 1,000, unapita Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, Ndola, Chingola, unafika pale umechoka ndo unaambiwa ubadilishe upande. Mgeni apite mchana.

Mama Fuso

Habari zenu wanangu. Mimi nina gari mbili, moja inabeba mchele Ubaruku kwenda Mbeya mjini na nyingine viazi. Nimesoma mnavyowasema wenye gari za lokali na mengine ni kweli siwezi kukataa, ila na sisi mtusikie. Kijana anakuja na leseni, nikimwambia aingize gari rivasi kwenye ghala anagonga nguzo. Nikimuuliza asubuhi ya baridi unafanya nini kabla hujawasha ananiambia anaomba Mungu. Kuomba ni vizuri, ila na oili uangalie, na maji, na mitungi ya upepo uitoe maji manake huku Juni na Julai baridi yake mnaijua.

Dereva wangu wa viazi nilimchukua hajui sana. Nilimpenda kwa kitu kimoja, nilimwambia apakie gunia kumi zaidi akaniambia mama hapana, barabara ya kule juu imelowa, gari itanivuta. Nikanuna siku hiyo. Yuko na mimi mpaka leo.

Mwana wa Uyole (mtoa uzi)

Mama shikamoo na ahsante sana. Vijana someni hiyo ya gunia kumi mara mbili. Kwenda Kikondo na huko Makete wakati wa mvua sio mchezo, na mvua zetu zikianza Novemba zinakwenda mpaka Aprili na zaidi. Udongo ukilowa gari inateleza yenyewe kuelekea korongoni hata kama umesimama. Dereva anayejua kusema hapana ana thamani, na mwenye gari anayekubali kuambiwa hapana ana thamani zaidi.

Kamwene Iringa

Kamwene wakuu. Mnaongea milima tu, mimi naongea usingizi. Transiti inaua kwa usingizi. Mtu ametoka Dar jioni anataka alfajiri awe Makambako, anapita Mikumi usiku, pale hifadhini spidi 50 kilomita hamsini nzima na ukigonga mnyama unalipa, anafika Ruaha Mbuyuni saa nane usiku anaanza Kitonga macho mekundu. Juu huku kuanzia Ifunda mpaka Makambako kuna asubuhi ukungu umefunga huoni taa za mwenzako. Watu wanatafuna vitu vya ajabu wasilale. Hii ya kulala mngeiweka kabla hata ya mileji.

Mwana wa Uyole (mtoa uzi)

Uko sahihi kaka, na nisisitize, sheria ya ajira ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, likizo siku 28, na mkataba uwe wa maandishi. Dereva wa lori ni mwajiriwa kama karani. Ukiambiwa "fika kesho saa mbili" piga hesabu, lori mwisho wake ni spidi 80 na kwenye makazi 50, Dar mpaka Mbeya ni kilomita kama 830, toa mizani, toa milima, toa kula. Kama hesabu inakataa, jibu limeshapatikana na mjibu mapema kabla hujaondoka yadi. Akikutisha na kazi, sehemu hiyo sio ya mwanafunzi. Mkongwe anajua namna ya kumpooza bosi, mgeni anaogopa anaenda kulala kwenye usukani.

Dogo wa Vwawa

Shikamooni wakubwa. Mimi ndo mhusika kabisa wa huu uzi. Nimemaliza udereva VETA, leseni E nimepata mwaka huu, nilikaa utingo kidogo gari ya mahindi. Nina kazi mbili mezani. Moja ni ya nguzo na mbao Makambako, semi ya zamani kidogo, mzee mwenye gari anasema nitakaa na dereva wake mpaka yeye aridhike, mshahara mdogo. Ya pili kampuni ya Dar, gari mpya, transiti, mileji nzuri sana ila wanataka nianze haraka na utingo hakuna. Mke wangu anajifungua karibuni. Nyumbani wananiambia nikikataa Dar nimechezea bahati. Naombeni ushauri wa kweli.

Kamwene Iringa

Dogo mke anajifungua afu uko Kolwezi simu haishiki? Makambako hapo.

Tingo Mstaafu

Mimi niliyetetea nje nakwambia usiende hiyo ya Dar. Bila utingo, mgeni, upande wa kulia? Hapana. Gari mpya haikupunguzii kitu, mteremko hauangalii namba za usajili.

Mwana wa Uyole (mtoa uzi)

Mdogo wangu marahaba. Ya Makambako ndo hasa niliyokuwa naielezea, ila usiichukue kichwakichwa kwasababu ni semi ya zamani. Kabla hujasema ndio, omba uione asubuhi kabla haijawashwa. Waambie wawashe, uone upepo unajaa kwa muda gani, ukijaa zima injini, mtu akanyage pedo ashikilie, wewe tembea kichwa mpaka mwisho wa trela usikilize. Ukisikia ssss sehemu, waambie mbele ya mzee, uone anajibuje. Akiita fundi palepale, umepata bosi. Akisema "hiyo iko hivyo siku zote", geuza urudi Vwawa. Angalia lainingi za trela, wengi wanatengeneza kichwa wanasahau trela, kumbe kwenye nguzo trela ndo inayobeba. Ona na minyororo na belti za kufungia, nguzo ikichomoka inaingia kwenye kabini.

Mshahara mdogo uongelee. Sio ukubwa tu, omba uandikwe, NSSF ipelekwe, pawe na mstari unaosema faini ya uzito analipa nani ikiwa amepakia yeye. Na muulize huyo dereva wake mkubwa, mkiwa wawili bila mzee, anashuka mteremko na gia gani. Akikwambia anaachia huru, ujue mwalimu wako ndo huyo na ufikirie upya.

Kampuni ya Dar usiwatukane. Wapigie uwaambie mke yuko karibu kujifungua na unahitaji uzoefu wa trela, uwaulize kama baadaye wanachukua watu wenye uzoefu wa semi. Kampuni za transiti zinahangaika na madereva kila mwaka, nafasi haziishi. Pasipoti anza kuishughulikia taratibu ukiwa hapohapo Makambako, na chanjo ya homa ya manjano upate kadi yako, siku ukiitwa usianze kukimbizana na makaratasi.

Dogo wa Vwawa

Ahsanteni sana wakubwa, ndaga fijo. Nimempigia mzee wa Makambako, amesema nije Jumamosi saa moja asubuhi nikague gari mwenyewe kabla hatujaongea chochote cha hela.

Mama Fuso

Nenda mwanangu. Vaa viatu vya kufunika, usije na malapa kwenye nguzo.